Sauti Iliyotangulia Kishindo

Wakazi wa Tandika, Keko na Chang'ombe waliokuwa na redio katika miaka ya 1980 wanalijua jambo moja ambalo mtu wa Mwanza au wa Kigoma hakujaliwa kulijua, nalo ni kwamba Uwanja wa Taifa, uliokuwa jirani yetu, ulitupa habari ya goli mara mbili. Mara ya kwanza habari hiyo ilitoka kinywani mwa mtangazaji, ikapita hadi studio za Radio Tanzania zilizokuwa Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi huitwa Barabara ya Nyerere, ikarushwa hewani, ikaingia katika redio iliyowekwa juu ya meza ya fundi cherehani barazani. Na mara ya pili, sisi tukiwa tumekwisha kuruka na kukumbatiana na kumwaga kahawa, kishindo cha watazamaji kilitufikia chenyewe, kikipita juu ya mabati na vilele vya minazi, kama mgeni aliyefika karamuni wali umekwisha kupakuliwa.

Nilipokuwa mtoto nilidhani kuwa mtangazaji ana ilimu ya ghaibu, kwa sababu alisema kabla ya watu elfu nyingi kupiga kelele, na sikuweza kufahamu mtu mmoja angejuaje yatakayowafurahisha halaiki kabla wao wenyewe hawajafurahi. Mwalimu wangu wa sayansi ndiye aliyeniondolea tashwishi hiyo kwa hesabu aliyoiandika ubaoni: sauti katika hewa husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na kutoka uwanjani hadi barazani petu ni mwendo wa kilomita mbili na nusu hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kishindo kilihitaji sekunde saba au zaidi kutufikia, ilhali mawimbi ya redio huenda takriban kilomita 300,000 katika sekunde moja, yaani yalikuwa yamekwisha kufika kabla mpigaji hajateremsha mguu wake. Wakati wa kaskazi kishindo kilitujia kizima. Wakati wa kusi upepo ulikigeuza ukakipeleka Ilala, nasi tukaambulia mvumo hafifu. Lakini sauti ya mtangazaji haikujali kaskazi wala kusi, nayo siku zote ilitangulia.

Niliyakumbuka hayo yote kwa pamoja asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Mei, 2025, nilipofika kwenye kijiwe cha kahawa nikawakuta wazee wameketi bila kuzungumza, na vikombe vyao vimepoa. Mmoja wao aliinua uso akaniambia, "Umesikia, baba? Charles hatunaye." Nikauliza, "Charles yupi?" Naye akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jina la mtaa alimozaliwa, akasema, "Charles yupi tena? Charles Hilary." Hapo nami nikakaa, nikapokea kikombe nilichopewa, wala sikukinywa.

Charles Martin Hilary, aliyefariki alfajiri ya siku ile jijini Dar es Salaam, alikuwa wakati huo Msemaji Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na kwa cheo hicho magazeti yalimtaja katika tanzia zao, kama ilivyowapasa. Vijana wengi wa leo walimjua kwa cheo hicho, na walio wakubwa kidogo walimjua kwa uso wake, kwani alikuwa miongoni mwa watangazaji wa Dira ya Dunia ya BBC ilipoanza kuonekana katika televisheni mwaka 2012. Lakini wazee wa kijiwe chetu hawakuwa wakimlilia msemaji wa serikali, wala hawakuwa wakiulilia uso. Walikuwa wakimlilia mtangazaji wa mpira wa redio, mtu ambaye baadhi yao hawakupata kumwona kwa macho mpaka alipokuwa na mvi, na ambaye juu ya hayo walimjua zaidi kuliko walivyowajua majirani wa nyumba ya tatu.

Ili msomaji kijana afahamu sababu ya huzuni hiyo, hana budi kwanza kuifahamu nchi ilivyokuwa. Redio ilianza Dar es Salaam mwaka 1951, katika chumba kidogo huko Ilala, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Baada ya uhuru ikawa mali ya taifa, na tangu mwaka 1965 ikajulikana kwa jina la Radio Tanzania. Kwa karibu miaka thelathini iliyofuata Bara haikuwa na redio nyingine ya kushindana nayo, na ajabu zaidi kwa kijana wa leo, Bara haikuwa na televisheni hata moja. Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, tena yenye rangi, lakini sisi wa upande huu wa maji tulingoja hadi mwaka 1994. Maana yake ni kwamba kizazi kizima cha Watanzania kilipenda mpira wa miguu kwa masikio. Mtu wa Tabora aliweza kuwa mwanachama wa Yanga kwa miaka ishirini, akagombana na shemeji yake kwa ajili ya Yanga, akamwita mwanawe jina la mchezaji wa Yanga, asipate hata siku moja kuiona Yanga ikicheza. Kila alichokijua juu ya miguu ya wachezaji wake alikipata kutoka katika kinywa cha mtu mwingine.

Na redio zenyewe hazikuwa za kupatikana ovyo. Katika mtaa wetu nyumba nne au tano tu ndizo zilizokuwa nazo, naye mwenye redio alikuwa na wajibu unaokaribia wajibu wa mwenye kisima, kwamba siku ya mpira asifunge mlango. Betri zilipochoka zilianikwa juani juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu za kuvusha dakika tisini, na mtoto aliyepewa kazi ya kuzigeuza alijiona mwenye daraja. Nimegeuza betri nyingi katika maisha yangu, na mpaka leo sioni haya kusema kuwa ilikuwa kazi ya fahari.

Katika hali hiyo ndipo walipotokea mabingwa waliotulea, akina Ahmed Jongo, Dominick Chilambo, Tido Mhando, na Halima Mchuka, mwanamke aliyeingia katika kazi ambayo watu waliiona kuwa ni ya wanaume peke yao na akaifanya kwa ufasaha ulionyamazisha mabishano. Na ndipo, katika miaka ya 1980, alipoingia Charles Hilary, mzaliwa wa Zanzibar, mwenye sauti nzito iliyotulia na lafudhi iliyokamilika, ambaye kila herufi ilipata haki yake kinywani mwake. Nimesema iliyotulia, na neno hilo nimelichagua. Watangazaji wako wa namna nyingi, na wako wanaowaka kama moto wa makuti. Charles aliunguza kama mkaa. Mpira ulipokaribia lango hakupandisha sauti kwa ghafla, bali alifupisha sentensi zake, moja baada ya nyingine, mpaka msikilizaji mwenyewe akajikuta amesimama bila ya kuambiwa asimame.

Kazi ya kutangaza mpira katika redio watu huidhania kuwa ni wepesi wa ulimi, na kweli wepesi wa ulimi unahitajika, lakini huo peke yake haumfikishi mtu mbali. Anayetangaza katika televisheni husaidiwa na picha, na akinyamaza mtazamaji bado anaona. Anayetangaza katika redio anayachukua macho ya watu wote mikononi mwake, nayo ni amana. Kwanza hana budi kuujenga uwanja katika kichwa cha msikilizaji kabla ya kipenga kupulizwa: nani wanashambulia lango la kaskazini na nani wanashambulia la kusini, nani wamevaa nyekundu na nani wamevaa kijani, jua liko upande gani, nyasi zimelowa au zimekauka. Akisha kuujenga asiubomoe. Kila mpira unapohama, aseme umehamia wapi, kwa kuwa msikilizaji aliyepoteza mpira hata kwa sekunde tano huwa kama mtu aliyezimiwa taa katika nyumba ya watu. Na kila baada ya muda mfupi arudie matokeo na dakika, si kwa sababu wanaosikiliza wamesahau, bali kwa sababu kila wakati kuna mtu anayewasha redio hivi sasa, anayetoka kazini, anayetoka kisimani, anayetoka kuswali, naye anastahili kukaribishwa kama waliotangulia. Charles hakuacha kulifanya hilo. Sisi tuliokuwa pale tangu mwanzo hatukuchoka kulisikia, maana ilikuwa kama kusikia mwenye nyumba akisema karibu kila mlango ulipogongwa.

Tena kulikuwa na lile jambo gumu la Simba na Yanga. Katika Dar es Salaam hakuna mtu aliyezaliwa bila upande, na kila mtangazaji alishukiwa. Wazee walipima pumzi zake, wakahesabu mara alizotaja majina ya hawa na ya wale, wakatafuta katika sauti yake furaha iliyozidi kwa goli moja kuliko kwa jingine. Barazani petu Charles alishitakiwa kuwa Simba na watu wa Yanga, na alishitakiwa kuwa Yanga na watu wa Simba, na mashitaka hayo mawili, yaliyotolewa na watu wawili walioketi bao moja, naamini ndiyo shahada kubwa kabisa aliyopata kutunukiwa mtangazaji wa mpira katika mji huu.

Lakini deni letu kubwa kwa watu wale ni la lugha, na hapa naomba msomaji anistahimilie nikae kidogo. Mpira wa miguu uliletwa na wageni pamoja na maneno yake, na ingekuwa rahisi mno kuyachukua maneno yale jinsi yalivyo na kuyatamka vibaya. Baadhi yalichukuliwa, na hakuna ubaya: goli, kona, penalti, beki na winga ni Kiswahili siku nyingi. Ila watangazaji wa redio, pamoja na mashabiki wa majukwaani waliokuwa wakiwasikiliza na kusikilizwa nao, waliingia katika ghala ya lugha yao wenyewe wakatoka na mali iliyokuwa imelala. Mvuvi wa pwani ana wavu wake wa kurusha uitwao kimia. Wao wakasema mshambuliaji ameutia mpira kimiani, na tangu hapo kila goli likawa na harufu ya bahari. Mkwaju ni mti, na fimbo yake inajulikana na kila mgongo uliopita chuoni. Wao wakaliita shuti kali mkwaju, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa lilivyouma. Ngozi ikawa gozi. Mchezaji aliyewatangulia mabeki kinyume cha sheria akawa ameotea, kama mwindaji aliyejificha vichakani kumvizia mnyama; yule msaidizi wa mwamuzi akawa mshika kibendera; golikipa akapewa cheo cha mlinda mlango, kama mtu aliyewekwa na sultani; na dakika zile za mwisho, anayeongoza anapoomba usiku uingie na anayeongozwa anapoomba usiingie, zikaitwa dakika za lala salama. Mtoto wa Kinyamwezi na mtoto wa Kimakonde walijifunza maneno ya wavuvi kutoka redioni kabla hawajaiona bahari, na sidhani kuwa shule iliwahi kuifanya kazi hiyo kwa wepesi namna ile.

Huko Marekani, ambako besiboli ni mchezo unaopendwa sana, alikuwako mtangazaji mmoja aitwaye Vin Scully aliyeitumikia timu ya Dodgers kwa misimu 67, tangu mwaka 1950 hadi mwaka 2016, na alipofariki mwaka 2022 wengi walimlilia. Inasimuliwa kuwa timu hiyo ilipohamia Los Angeles mwaka 1958 na kuchezea katika uwanja mkubwa mno, watazamaji walikuja na redio ndogo za mkononi, wakawa wanautazama mchezo kwa macho na kumsikiliza Scully kwa masikio, mpaka sauti yake ikasikika uwanja mzima kutoka katika maelfu ya redio. Niliposoma habari hiyo moyo wangu ulitulia, kwa maana hata sisi Uwanja wa Taifa tuliyaona hayo, watu waliolipa kiingilio na kuketi mzunguko wakiwa na redio zimebanwa sikioni. Na wageni walioshangaa kwa nini mtu asimuliwe kitu anachokitazama hawakuelewa kuwa kuona ni jambo moja na kuambiwa vyema ulichokiona ni jambo la pili. Scully huyo, siku Hank Aaron alipoivunja rekodi kuu ya mchezo wao katika Aprili ya mwaka 1974, alisema maneno machache, kisha akanyamaza muda mrefu akawaacha watu washangilie. Mtangazaji anayejua kunyamaza ni nadra. Charles naye alijua. Alipolitangaza goli alikiachia kipaza sauti kinywe kelele za uwanja, na katika kimya chake sisi wa Tandika tulikisikia kishindo kikitoka redioni, kisha tukakisikia tena kikitoka angani.

Kuna siku, hata hivyo, ambayo kishindo hakikuja. Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF, wakaenda Abidjan kucheza na Stella, wakatoka sare ya bila kufungana, na mchezo wa marudiano ukawa hapa nyumbani. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, na tiketi sikuipata, nikaketi barazani pamoja na watu wasiopungua hamsini kuizunguka redio ile ile ya fundi. Wazee walikuwa na sababu ya kutumaini, kwa sababu walikumbuka mwaka 1979, Simba walipofungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam, wakaenda Lusaka watu wote wakiwa wamekwisha kuwazika, na redio ikatuletea habari kwamba wameshinda 5-0. Na mwaka huo huo Taifa Stars walipata sare ya 1-1 huko Ndola kwa goli la Peter Tino, wakafuzu kwenda fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Watu waliokwisha kuyasikia hayo kwa masikio yao hawakuogopa kitu.

Basi Stella wakafunga. Mtangazaji akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja msiba, na sisi tukasikia. Na kwa mazoea ya miaka mingi, bila ya kukusudia, tuliinua nyuso zetu kuelekea uwanjani tukangojea zile sekunde saba. Zikapita. Zikapita nyingine saba. Hakuna kilichokuja juu ya mabati isipokuwa sauti ya daladala iliyokuwa ikipita mbali na mtoto aliyekuwa akilia nyumba ya nyuma, na hapo ndipo nilipofahamu kwa yakini kuwa ni kweli, kwa sababu mtangazaji angeweza kukosea, lakini kimya cha watu wengi kiasi kile hakiwezi kukosea. Wakafunga na la pili, likawa 2-0, na kombe likaondoka. Fundi aliizima redio, akaifunika kwa kitambaa chake cha maua, akasema, "Haya, jamani, tutawanyike." Katika maisha yangu nimesikia kelele nyingi za uwanja ule, nazo zimechanganyikana kichwani, kimya kile kimebaki peke yake.

Mwaka uliofuata mambo yalianza kubadilika. Redio za watu binafsi zilikuwa zimekwisha kuruhusiwa, Radio One ikaanza mwaka 1994, na Charles alikuwa miongoni mwa waliohamia huko, akapata umaarufu wa namna nyingine kwa kipindi chake cha Charanga, mpaka watu wakamwita Mzee wa Macharanga. Kisha akaenda Ujerumani kuitumikia Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, na baadaye BBC mjini London. Wako waliosema wakati huo kuwa tumempoteza. Mimi siku moja ya Jumamosi nilikuwa Kinondoni, katika duka moja la kinyozi karibu na Mwananyamala, kichwa kimenyolewa nusu, nikamsikia redioni akiutangaza mpira wa Ligi Kuu ya Uingereza katika kipindi cha Ulimwengu wa Soka, na kinyozi akasimamisha mashine yake hewani. Mvua ya London, uwanja usio na vumbi, majina ya wachezaji kutoka pembe zote za dunia, na bado alikuwa yule yule: akituambia mpira uko upande gani, akirudia matokeo kwa ajili ya yule anayewasha redio sasa hivi, akifupisha sentensi kila lango lilipokaribia. Kinyozi yule alikuwa kijana mdogo ambaye hakupata kusikia redio ya betri zilizoanikwa juani. Alisema tu, "Huyu mzee anaongea kama anakuonyesha kwa kidole." Sijapata kusikia sifa iliyo bora kuliko hiyo.

Alirudi nyumbani katika miaka ya 2010, akafanya kazi Azam Media, na mwaka 2021 akaitwa Zanzibar kuwa msemaji wa serikali. Kuhusu kazi hiyo sina mengi ya kusema, kwa kuwa nilimfuata kama shabiki na si kama mwanasiasa. Ila kila nilipomsikia akisoma taarifa niliisikia ndani yake ile sauti ya zamani, imevaa suti.

Mwaka huo wa 2025 ulikuwa mzito kwetu. Miezi mitatu tu kabla ya Charles, tarehe 7 Februari, jirani zetu wa Kenya walimpoteza Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, ambaye kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966 na kuwafunza adabu watu wa nchi zaidi ya moja, na ambaye naye alikuwa mtangazaji wa mpira wa daraja ya juu. Usiku mawimbi yalipokuwa mazuri tuliipata sauti yake hata Temeke. Katika kijiwe chetu majina hayo mawili yalitajwa pamoja kwa siku nyingi. Mzee mmoja, mvuvi mstaafu wa Kigamboni asiyeona vizuri tena, alisema kuwa tangu macho yake yalipopungua amewakumbuka watu wale zaidi kuliko anavyowakumbuka madaktari wake. Hakufafanua, na hakuna aliyemwomba afafanue.

Siku hizi tuna televisheni kila nyumba, na vibanda umiza kila kona ya Mbagala, na simu zinazoonyesha mpira mkononi. Ni neema, na mimi mwenyewe naitumia. Lakini picha hiyo hupanda kwanza hadi kwenye setilaiti na kushuka, hufungwa na kufunguliwa na mitambo njiani, kwa hiyo hutufikia imechelewa sekunde kadhaa, na ile ya simu huchelewa zaidi. Matokeo yake ni kwamba Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 pembeni ya ule wa zamani, ukilipuka kwa shangwe, kishindo hutufikia Temeke kwa kupita angani kama zamani, na kwenye kioo mshambuliaji bado anautafuta mpira. Goli linatangulia kujulikana kuliko kuonekana. Nimejaribu kuizoea hali hiyo, nami sijaweza, kwani tangu utotoni nilizoea kwamba kuna mtu anayenitangulia kwenda kuona na kurudi kuniambia kabla upepo haujafika.

Siku sita baada ya kifo cha Charles, Simba walicheza fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu ile ya Stella, miaka 32 iliyopita, safari hii Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Moroko. Walifungwa 2-0 kwao Berkane, na marudiano ya tarehe 25 Mei hayakuchezwa Dar es Salaam bali katika Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kisiwani alikozaliwa Charles. Yaliishia 1-1, na kombe likaenda Moroko. Kwa kuwa mpira ulikuwa ng'ambo ya bahari, hakukuwa na kishindo cha kungojea. Hata upepo ungekuwa wa hisani namna gani usingelibeba jambo hilo kutoka Unguja mpaka Tandika.

Siku hiyo sikwenda kibandani. Nilikwenda kwenye baraza ya fundi, ambayo sasa ni ya mwanawe, nikamwomba atoe redio. Aliitoa, akaipangusa vumbi, akaitafutia stesheni kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyofanya baba yake. Mtangazaji alikuwa kijana nisiyemjua kwa sauti. Mapema katika kipindi cha kwanza alianza kufupisha sentensi zake, nami nikajikuta nimesimama, na fundi naye amesimama, na uzi uko mdomoni. Kisha akalitaja goli la Simba, akanyamaza. Tulikuwa tumekwisha kukaa tena wakati nyumba ya pili yake, penye televisheni kubwa na watu wengi, ilipolipuka kwa shangwe.

Mtoto mmoja wa miaka kama saba alitoka mbio kutoka nyumba ile kuja kutupa habari, akatukuta tunacheka, akasimama mbele ya baraza akitutazama sisi kisha akiitazama redio. "Babu," akaniuliza, "mmejuaje?" Nilimsogezea kigoda. Akaketi, akainamisha kichwa mpaka sikio lake likakaribia kuligusa sanduku, na baada ya muda mfupi akaninong'oneza, "Sasa mpira uko upande gani?" Fundi aliinua kidole kumwashiria angoje, na kijana wa redioni akasema uko kulia, karibu na mstari wa kati, Simba wanaongoza kwa goli moja.